Mkutano wa KICC Ambao Hakuna Mwalimu Alitufunza

Kama ulikuwa na shughuli tao wiki ya kwanza ya Septemba 2023, unakumbuka. Barabara za karibu na KICC zilifungwa, watu wakatembea na miguu, na simu zetu zikajaa picha za marais. Rais Ruto alikuja akiendesha kigari kidogo cha umeme, na nadhani hiyo picha ilizunguka kuliko neno lolote lililosemwa ndani. Ulikuwa Mkutano wa Tabianchi wa Afrika, tarehe 4 hadi 6, na kila mtu alikuwa anasema Nairobi inaandika historia.

Sawa, kwa bara letu ulikuwa mkutano wa kwanza wa aina hiyo. Lakini jengo lenyewe lilikuwa limeshaona sinema kama hiyo miaka 42 kabla.

Jumatatu, Agosti 10, 1981. KICC ilikuwa bado mpya, ilikuwa imekamilika 1973 tu. Wajumbe wa zaidi ya nchi 100 waliingia mle kwa Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu Vyanzo Vipya na Jadidifu vya Nishati, na wakakaa hadi tarehe 21. Karibu wiki mbili, wasee. Moi alikuwa mwenyeji. Indira Gandhi alikuja kutoka India, Pierre Trudeau akaja kutoka Kanada (huyu ni babake Justin). Katibu mkuu wa mkutano alikuwa Enrique Iglesias wa Uruguay. Umoja wa Mataifa uliita dunia nzima kukaa chini kuzungumza kuhusu jua, upepo na mvuke, na walikuja hapa kwetu. Mimi nilisoma historia mpaka kidato cha nne na sikumbuki kusikia hata sentensi moja.

Sasa, usidhani walikuja kuokoa hali ya hewa. Hilo ndilo jambo la kwanza la kuelewa kuhusu 1981. Neno kaboni halikuwa kwenye midomo ya wanasiasa. Kilichowaleta ni bei ya mafuta. Mwaka 1973 pipa la mafuta ghafi lilikuwa kama dola 3, na kufikia 1980 lilikuwa limepita dola 30. Nchi kama Kenya, ambayo ilikuwa inaagiza mafuta yote kutoka nje, ilijikuta inatumia pesa za kahawa na chai kulipia dizeli. Hesabu ilikuwa rahisi na chungu: unauza magunia mengi zaidi kila mwaka ili upate mafuta yale yale. Azimio la kuitisha mkutano lilipitishwa Desemba 1978, na mapinduzi ya Iran ya 1979 yakafanya bei ipande tena kabla wajumbe hawajafunga mizigo.

Ukitaka kuona vile hawakuwa wanafikiria kaboni, angalia orodha yao. Mkutano ulikuwa na vyanzo 14 rasmi vya nishati. Kuna jua, upepo, maji na jotoardhi. Kuna mawimbi, kupwa na kujaa kwa bahari, na hata tofauti ya joto kati ya juu na chini ya bahari. Kuna gesi ya samadi na mabaki ya mimea, kuna kuni, kuna makaa, kuna ule udongo wa vinamasi unaokaushwa na kuchomwa. Halafu kuna ng'ombe na punda. Ndiyo, wanyama wa kulima na kukokota mikokoteni walikuwa kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa kama nishati, na kusema ukweli hapo sioni cha kucheka, kwa sababu mashamba mengi ya Afrika na Asia yalikuwa yanaendeshwa hivyo. Lakini chanzo cha 13 na cha 14 ni mawe yenye mafuta na mchanga wa lami, ule ule ambao Kanada inachimba kule Alberta na ambao leo wanaharakati wanauhesabu kati ya mafuta machafu zaidi duniani. Mwaka 1981 ulikuwa unakaa meza moja na sola. Swali la siku hizo halikuwa "nini kinachafua hewa?" Swali lilikuwa "nini si mafuta ya Waarabu?"

Kwa hivyo kila mtu alikubali mafuta ni shida. Vita vilianza kwa pesa.

Nchi maskini zilitaka vitu viwili: pesa mpya kwa ajili ya hii nishati, na chombo cha kimataifa cha kuisimamia. Hata Benki ya Dunia yenyewe, chini ya Robert McNamara, ilikuwa imependekeza tawi maalum la kukopesha miradi ya nishati. Lakini Januari ile Ronald Reagan alikuwa ameingia ofisini Marekani, na msimamo wa serikali yake ulikuwa wazi: hakuna shirika jipya, hakuna mfuko mpya, wacheni soko na kampuni binafsi zifanye kazi. (Huyu ndiye ambaye wakati wake paneli za sola alizoweka Jimmy Carter juu ya Ikulu ya Marekani ziliondolewa, 1986. Zilikuwa za kuchemsha maji tu.) Mwishowe mkutano ulitoa waraka unaoitwa Mpango wa Utekelezaji wa Nairobi. Una maneno mazuri kuhusu utafiti, mafunzo na kubadilishana habari. Kwa upande wa pesa, haukuilazimisha nchi yoyote kutoa kitu.

Halafu mafuta yakashuka. Bei ilianza kulegea miaka ya 1980 ilipokuwa bado mibichi na ikaanguka kabisa 1986. Hofu ilipoisha, hamu nayo ikaisha. Ule Mpango wa Nairobi haukuuawa na mtu. Petroli ilishuka bei, basi, na nchi tajiri zikaacha kupiga simu.

Lakini lile wazo la shirika lilibaki linazunguka. Mjerumani mmoja, mbunge aliyeitwa Hermann Scheer, alilisukuma kwa miaka mingi, na Januari 2009 nchi 75 zikasaini huko Bonn mkataba wa kuunda Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu, IRENA. Wao wenyewe wakieleza historia yao wanaanza na Nairobi 1981. Na makao makuu yalienda wapi? Abu Dhabi. Wazo lililotolewa Nairobi na watu waliochoka kununua mafuta likajengewa ofisi kwenye mji uliojengwa na mafuta, kwa sababu Abu Dhabi ilikuwa na pesa ya kuikaribisha. Silaumu Abu Dhabi. Waliona nafasi wakaichukua. Na kuanzia 2011 hadi 2019 shirika lenyewe liliongozwa na Mkenya, Adnan Amin. Mtoto wetu, nyumba ya wengine.

Sasa kama waraka ulikuwa hewa, 1981 ilituachia nini? Kuna vitu viwili ninavyoweza kukuonyesha kwa kidole.

Cha kwanza kiko Olkaria, karibu na Naivasha. Visima vya kwanza vya kutafuta mvuke vilichimbwa miaka ya 1950, havikuzaa matunda, vikaachwa. Kuanzia 1970 utafiti ukarudi kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, mashine zikachimba tena, na katikati ya 1981, wiki chache tu kabla wajumbe hawajaingia KICC, mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kutoa stima. Wa tatu uliwashwa 1985, jumla ikawa megawati 45. Fikiria hiyo picha: wazungu na sisi tunabishana mjini kama hii nishati inawezekana, na mwendo wa kama saa mbili kutoka hapo tayari inachemka.

Halafu tukalala. Hapa lawama si ya Reagan peke yake. Kati ya 1985 na 2000 hakuna mtambo hata mmoja mpya uliowashwa Olkaria. Wafadhili walikuwa wamebana mikono, ni kweli, lakini pia sisi tuliegemea mabwawa ya Mto Tana kana kwamba mvua ni mfanyakazi aliyeajiriwa. Kisha ukaja ukame wa 1999 na 2000. Waulize wazazi wako kuhusu stima ya mgao, wakati mitaa ilikuwa inapewa umeme kwa zamu na serikali ikakodisha majenereta ya dizeli ya dharura. Dizeli! Kitu kile kile ambacho mkutano mzima uliitishwa ili tukikimbie. Ukinunua tokeni leo na uangalie mgawanyo wa pesa yako, kuna laini ya gharama ya mafuta bado inakula kidogo yako.

Siku hizi jotoardhi ndiyo inayobeba gridi yetu, zaidi ya megawati 900 za mitambo, na tunajisifu nayo kila mkutano. Ni haki yetu kujisifu. Lakini tuseme na upande wa pili: 2014, ili Olkaria IV ijengwe, familia za Wamaasai zilihamishwa, na malalamiko yao yakafika hadi Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, mpaka ikabidi upatanishi. Nishati safi nayo hukalia ardhi ya mtu.

Cha pili kinanifurahisha zaidi, na pengine kiko jikoni kwa nyanya yako. Lile jiko la makaa lenye kiuno chembamba, bati nje na udongo uliochomwa ndani. Kabla yake watu walikuwa na jiko la bati tupu, lililochoma makaa kama ugonjwa na kuchoma vidole pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wizara ya Nishati ilikuwa na mradi wa kulibadilisha, na wazo la udongo wa ndani lilitoka kwa jiko la ndoo la Thailand. Watu kama Maxwell Kinyanjui walilifinyanga upya lifae sufuria zetu na ugali wetu, maana jiko linalotikisika ukisonga ugali halina maana. Lile jiko jipya likatumia makaa pungufu sana, kuanzia kama theluthi moja hadi karibu nusu. Na cheki hii: mradi ulilipwa na pesa za msaada wa Marekani. Serikali ile ile iliyokataa mfuko mkubwa ikalipia jiko.

Kilicholifanya lisambae lakini hakikuwa mfadhili. Hakuna aliyelifungia kwa hataza. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo walijifunza, wakaiga, wakaharibu, wakarekebisha, wakauza, na jirani akaiga pia. Likavuka kwenda Uganda, Rwanda, hadi Ghana. Hakuna kikao cha wiki mbili kilichohitajika.

Nikirudi sasa 2023, ukumbi ule ule. Azimio la Nairobi la safari hii lilisema Afrika itoke gigawati 56 za nishati jadidifu za 2022 hadi angalau 300 ifikapo 2030. Likaomba kodi ya kaboni ya dunia nzima na mfumo mpya wa madeni. Ahadi zilizotangazwa zilikuwa dola bilioni 23. Ukisoma pamoja na karatasi za 1981 utaona ni ugomvi ule ule: nani analipa, na kwa masharti gani. Tofauti ninayoiona mimi ni moja. Mwaka 1981 ni Marekani iliyosema wacheni wawekezaji, na sisi tukakataa. Safari hii tulilisema sisi wenyewe, kwenye jukwaa letu, tukiwa tumevaa suti nzuri. Labda ni kukomaa. Mimi naona zaidi ni uchovu: umeomba mfuko miaka 42, hujaupata, unaanza kuuza unachoweza kuuza.

Na kile kinachonikera si hata hapo. Ni kwamba miezi miwili kabla ya mkutano, Julai 2023, serikali ilikuwa imeondoa marufuku ya kukata miti iliyowekwa 2018. Na 2021 tuliwekewa kodi ya asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia, ikapunguzwa mwaka uliofuata, kisha ikaondolewa 2023. Mama mwenye mtungi wa kilo 6 hafuati gigawati 300. Anafuata bei ya kujaza mtungi, na ikipanda anarudi kwa debe la makaa. Watu wa 1981 angalau waliweka kuni na makaa kwenye orodha yao na wakakubali kwamba huko ndiko nishati ya wengi iko. Sisi, na magari yetu ya umeme, tunaona aibu kuyataja.

Kama hujawahi kufika, panda mathree ushuke Shauri Moyo siku ya kazi. Utasikia nyundo kabla hujaona watu. Bati zinakatwa chini, udongo umepangwa pembeni, na fundi atakuuliza unataka saizi gani.