Simba wa Tingatinga, Popo wa Pemba

Pemba hakuna simba. Hakuna tembo, hakuna twiga, wala chui hapiti usiku kwenye mikarafuu. Kisiwa kina popo wake mkubwa, mwenye manyoya ya kahawia yenye wekundu na mabawa meusi, asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Kina ninga wake na bundi wake mdogo, nao pia ni wa hapa tu. Kina kasa na pweza, na kina madume ya ng'ombe yanayochezwa uwanjani kwa zumari na ngoma, mchezo ambao wengi husema uliachwa na Wareno. Lakini uchoraji wa Tingatinga wanaofundishwa watoto katika madarasa ya nchi nyingi huanza na simba, akafuata tembo, ukamalizia na twiga aliyekunja shingo ili aenee kwenye ubao. Mtoto wa Wete au Mkoani akifundishwa hivyo atanakili mnyama ambaye yeye mwenyewe amemjua kwa picha tu, na mwalimu wake huenda vilevile. Ili kujua kama hilo ni kosa au ni njia ya kawaida ya kujifunza, inatubidi turudi kwa mwenye jina.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanganyika, mama Mmakua na baba Mngindo, watu wa jembe. Miaka ya 1950 alifanya waliyoyafanya vijana wengi wa kusini, akaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge. Mwaka 1959 akahamia Dar es Salaam, akaishi kwa kazi za nyumbani na bustani na vibarua vya hapa na pale. Darasa la sanaa hakuliona. Alianza kuchora mwaka 1968, mtu mzima wa miaka 36.

Vifaa vyake vilikuwa vya dukani kwa Mhindi na vya fundi ujenzi. Alichorea kwenye hadibodi, zile mbao nyembamba za dari, zilizokatwa mraba wa kama sentimita 60, na rangi yake ilikuwa ya mafuta, ya kupakia baiskeli. Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita haraka. Rangi ya baiskeli ni nzito, inang'aa, na haikubali kufifishwa taratibu kutoka giza kwenda mwanga kama rangi ya maji. Ukiipaka, imekaa. Basi mchoraji analazimika kuweka rangi moja pana nyuma, aisubiri ikauke, kisha juu yake amweke mnyama mmoja mwenye ukingo safi, halafu madoa, mistari na nukta. Sura tunayoitambua leo kwa mbali ilitokana na kopo la rangi na ubao wa dari kama ilivyotokana na kipaji chake.

Picha zikauzwa nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay, ambako wageni walikuwa wakinunua mahitaji yao. Mkewe, Agatha Mataka, alishiriki kuziuza. Soko lilipokua, Tingatinga aliwaita ndugu na jamaa: Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Adeusi Matambwe, Casper Tedo, Simon Mpata. Walikaa karibu naye, wakatazama, wakanakili. Mwaka 1972 polisi walilifyatulia risasi gari alilokuwamo wakidhani ni la wezi, naye akafa akiwa na miaka 40. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Wanawe walikuwa wachanga mno kufundishwa na baba yao, na mwanawe Daudi, aliyekuja kuwa mchoraji, aliupokea mkono huo kwa watu wa karakana. Wanafunzi waliendelea pamoja, na mwaka 1990 wakasajili chama cha ushirika. Kwa hiyo karibu kila tunachokiita Tingatinga kimepita mikononi mwa watu walionakili, na bila unakili wao jina hilo lingezikwa pamoja na mwenyewe.

Naye Tingatinga hakuanza hewani. Kabla yake, picha zilizokuwa zikitembezwa mitaani Dar es Salaam zilikuwa za Wakongo, na inasemekana hizo ndizo zilizomfanya ajaribu. Kongo nako kulikuwa na kisa chake. Mwaka 1946, Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, mji wenye Kiswahili chake, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyoitwa Le Hangar. Aliwapa watu rangi, akakataa kuwaonyesha michoro ya Ulaya. Pilipili Mulongoy akatoka na samaki na ndege waliosongamana kwenye majani, Mwenze Kibwanga akajenga picha nzima kwa mistari mifupi mifupi, na Bela akachora kwa ncha za vidole. Watatu hao walikaa chini ya paa moja, na hakuna anayeweza kuchanganya kazi ya mmoja na ya mwingine.

Upande wa Uganda njia hiyo ilikuwa imeshaanza, tena kwa wanafunzi wa shule. Margaret Trowell, Mwingereza aliyesomeshwa London na Marion Richardson, alianza kufundisha Kampala katikati ya miaka ya 1930, kwanza kwenye baraza ya nyumba yake, baadaye Makerere. Aliwasimulia wanafunzi kisa, wakafumba macho, wakachora walichokiona kichwani. Mikononi mwake walipita Sam Ntiro na Elimo Njau, wote wa Kilimanjaro. Njau, aliyeanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, aliuchukia unakili kwa moyo wote. Kwake ulikuwa ni kukikataa kipaji ambacho Mungu amempa mtu.

Hivyo Afrika Mashariki ina shule mbili zinazopingana. Moja inasema mtoto asinakili kamwe. Nyingine, ya Morogoro Stores, inasema anakili mpaka mkono ukomae, mengine yatakuja. Ulaya nayo ilikuwa na hamu ya wachoraji wasiosoma: tangu 1945 Mfaransa Jean Dubuffet alikusanya kazi za wagonjwa wa akili, wafungwa na watu waliojitenga, na mkusanyiko wake ukafunguliwa kwa umma mjini Lausanne mwaka 1976. Wapo wanaomweka Tingatinga katika kundi hilo la walio nje. Mimi siafiki. Alikuwa na mke, jamaa, wanafunzi na wateja. Kwa watu wa mtaani kwake alikuwa ndani kabisa, na aliye nje alikuwa mtazamaji.

Kwa Pemba, shule ya kunakili si ngeni. Imekuwepo barazani na uani miaka yote. Msichana anayejifunza kusuka huanza na ukili mweupe, mwembamba, usio na pambo. Bibi yake anautazama, akiona umepinda anaufumua wote na kumrudishia. Akishaweza, anapewa miyaa iliyochemshwa na rangi, anaonyeshwa pambo moja, anahesabu: mbili juu, moja chini, ruka. Miezi inapita kabla hajaruhusiwa kuchagua rangi zake. Halafu anashona mkeka, msala au kawa ya kufunikia chakula, na mwenye jicho akiutazama atakwambia ni mkono wa nani. Kofia za viua hufundishwa hivyohivyo: pambo linachorwa kwanza kwenye kitambaa, mshonaji anayeanza anafuata mstari, na siku moja anaanza kuchora mstari wake. Hina na piko pia. Mikono ya wadogo ndiyo daftari kabla ya kufika kwa bibi harusi.

Na tukitafuta wachoraji wa pwani ambao majina yao hayakuandikwa, tuangalie kuta. Kwenye magofu ya Kilwa, Songo Mnara na Gedi watu walichora majahazi kwa kukwaruza lipu, michoro ambayo Peter na Margaret Garlake waliichapisha mwaka 1964. Pemba kwenyewe, katika ngome ya Pujini inayohusishwa na mtawala wa zamani, Mkama Ndume, ukuta wa chumba cha chini ya ardhi una siwa, lile baragumu la watawala, iliyofinyangwa kwa lipu. Watoto wa Chake Chake wana ukuta huo kilomita chache tu kutoka shuleni kwao, na ningependa wapelekwe kuuona kabla hawajaonyeshwa picha ya twiga.

Lipo suala la dini, na si dogo kisiwani. Wapo wanazuoni wanaoharamisha kuchora viumbe wenye roho, wapo wanaoruhusu vinavyowafundisha watoto, na mwalimu anayeingia kijijini na makopo ya rangi bila kuzungumza na wazee amekosa adabu kwanza kabla hajakosa kitu kingine. Lakini pambo la ukili, ua la mlango na mstari wa hina havina mgogoro huo, na vina elimu ya rangi na mpangilio ya kumtosha mtoto kwa miaka. Mpango wa madrasa za awali ulioanza Mombasa miaka ya 1980 ukiwa na Bi Swafiya Said, na kufika Zanzibar mwaka 1990, uliuona mapema umuhimu wa kuanza na mambo ya palepale. Walimu wake walikuwa wanawake wa palepale kijijini, na vifaa vya kuchezea na kujifunzia vilitengenezwa kwa vifuu, mbegu na vifuniko vya chupa. Wazazi walikubali kwa sababu waliwajua walimu na waliyajua mambo yenyewe.

Unguja imeshaona upande mwingine wa kunakili. Wageni walipoongezeka, vichochoro vya Mji Mkongwe vilijaa simba na pundamilia wa ukubwa mmoja, wanaokaa vizuri kwenye begi la msafiri. Kwa wachoraji ni riziki ya halali, na sitaibeza. Mtoto wa darasa la nne hana mteja wa kumngoja, kwa hiyo hana sababu ya kufungwa na wanyama hao.

Ningeanza na ubao wa dari na rangi nzito, kama alivyoanza Tingatinga mwenyewe, kwa kuwa vifaa hivyo ndivyo vinavyofundisha ukingo safi na subira ya kungoja tabaka la kwanza likauke. Watoto wapelekwe Kidike wakamwone popo akining'inia mchana, na Ngezi wakamsikilize bundi, na ambao wazazi wao hawataki viumbe, wabaki na majani na mawimbi. Na kwenye meza ya mwalimu awepo bibi msusi wa mikeka, alipwe kwa saa zake kama anavyolipwa mwalimu wa hesabu, apewe haki ya kufumua kazi iliyopinda.