Kisichosadikika: Kutoka Nchi ya Angani hadi Vibanda vya Kawangware

Kivumishi cha Kiingereza far-fetched hupima uongo kwa umbali. Katika karne ya 16 kilitumika kueleza kitu kilicholetwa kutoka mbali. Baadaye kikaja kueleza hoja au kisa kisichoingia akilini. Kiswahili kimefuata mkondo mwingine. Methali yake husema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nacho kitenzi sadiki kimetokana na mzizi wa Kiarabu unaohusu ukweli. Kwa hiyo, jambo lisilosadikika halipimwi kwa masafa, bali kwa imani iliyopo baina ya msemaji na msikilizaji.

Fasihi andishi imeitumia sana tofauti hii. Shaaban Robert alipochapisha Kusadikika mwaka 1951, jina hilo aliipa nchi inayoelea angani, yaani nchi isiyosadikika kamwe. Kinaya hicho si pambo tu. Karama, akijitetea mbele ya baraza, anasimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi za nje, wakarejea na mashauri yenye manufaa, nao wakatiwa gerezani. Kilichokataliwa hapo si habari yenyewe, bali haki ya mletaji kuaminiwa. Katama Mkangi, aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, aliifuata njia iyo hiyo katika Walenisi (1995). Dzombo, baada ya kuhukumiwa, anarushwa angani na kuifikia nchi ya usawa, ambayo jina lake likitenganishwa husomeka “wale ni sisi”.

Huko Kawangware, kama kwingineko Nairobi, dhana hii ina jina la Sheng: stori za jaba. Jaba ni miraa, zao linalostawi hasa Igembe, Meru. Mtafunaji hukesha akizungumza, na kisa hukua kadiri usiku unavyokua. Kwa upande mmoja, msemo huu ni sifa ya ufundi: wasikilizaji wanazijua kanuni za mchezo, kama wanavyozijua za paukwa na pakawa. Kwa upande wa pili, msemo huo huo ni rungu. Mpangaji anayeeleza jinsi alivyobomolewa kibanda chake usiku aweza kunyamazishwa kwa kuambiwa kuwa hizo ni stori za jaba.

Hapo ndipo kibanda cha Kawangware na baraza la Kusadikika hukutana. Mhakiki wa fasihi ya mjini, kabla ya kuuliza iwapo kisa chasadikika, hana budi kuuliza ni nani aliyepewa mamlaka ya kukisadiki.