Nyimbo za Beni na Furaha ya Wazee Wetu

Historia ya babu zetu twafundishwa mara nyingi kwa vita, mikataba na njia ya reli. Lakini watu wale waliimba pia, na mwenye kutaka kujua mioyo yao asikilize nyimbo zao.

Mwishoni mwa karne ya 19, huko Lamu na Mombasa, vijana walianza ngoma iitwayo beni. Jina hilo latoka katika neno la Kiingereza la kikosi cha wapiga muziki. Walijipanga kama askari, wakaimba kwa Kiswahili, chama kikishindana na chama. Wakubwa wao waliitwa Kingi au Jenerali. Vita vya 1914-1918 viliieneza: askari na wapagazi waliijua makambini, wakarudi nayo makwao. Hivyo ikafika hata Katanga, ambako watu wa makabila mengi walikutana kwa kazi ya shaba. Huko ikaitwa mbeni.

Wamisionari wengi waliichukia. Waliona ulevi, ugomvi, na vyama visivyoongozwa na Misioni. Tusiwacheke, kwani hatari nyingine zilikuwa za kweli. Lakini vyama vile viliwapokea wageni, vikawasaidia wagonjwa, vikawazika wafu waliokufa mbali na ukoo. Je, kuzika wafu si tendo la huruma? Aliyetupa wimbo pamoja na pombe alitupa na upendo uliokuwa ndani yake.

Tena tukumbuke mambo ya Eklezya yenyewe. Mwaka 1903 Baba Mtakatifu Pio X alikataza ngoma na matoazi kanisani, kwa kuwa aliziona ni vyombo vya makelele. Mwaka 1958, kule Kamina, Missa Luba iliimbwa kwa ngoma. Mwaka 1963 Mtaguso wa Vatikano II ukafundisha kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima ipasayo, hata katika ibada. Ngoma haikubadilika, ni masikio yetu yaliyofunguka.

Hatusemi kwamba kila wimbo wa zamani uingie kanisani. Wa harusi ubaki harusini, wa kazi ubaki kazini. Twasema tu kwamba kuufurahia si dhambi, na kwamba mchungaji asiyejua yanayowachekesha watu wake hatajua vema yanayowaliza.

Basi, mafratri na wakatekista, mkisikia bibi akiimba polepole wimbo aliorithi kwa baba yake, msipite. Kaeni chini, mwulize maana yake, mwandike. Akizikwa nao, nani atatuimbia tena?