Njia zaidi ya moja zaimarisha mtandao usiotumia waya

MWAKA 1871, vita kati ya Mtemi Mirambo na wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora viliifunga njia ya misafara iendayo Ujiji. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Dk. David Livingstone, alilazimika kuzungukia kusini, akafika Ujiji mwezi Novemba mwaka huo.

Kanuni hiyo ya kutotegemea njia moja ndiyo inayoimarisha mitandao ya data isiyotumia waya. Wahandisi huiita daivasiti, yaani kufikisha ujumbe uleule kwa njia kadhaa.

Wimbi la redio kutoka mnarani humfikia mtumiaji kwa njia nyingi. Sehemu yake huja moja kwa moja, nyingine hudunda kwenye kuta, mapaa ya mabati au ardhi. Kilele cha wimbi moja kikikutana na bonde la jingine, mawimbi hayo hudhoofishana na mawasiliano hufifia. Ndiyo maana anayetuma fedha kwa simu huweza kukwama, ilhali akisogea hatua moja ujumbe hupita.

Katika Wi-Fi ya gigahezi 2.4, urefu wa wimbi ni takriban sentimita 12.5. Antena mbili zikitenganishwa kwa nusu ya urefu huo, yaani sentimita 6 hivi, ni nadra zote kufifia kwa pamoja. Iwapo kila moja hukosa mawimbi mara 1 kati ya 10 bila kutegemeana na mwenzake, zote mbili zitakosa mara 1 tu kati ya 100.

Mbinu nyingine ni kurudia ujumbe baada ya muda, au kuupeleka kwa masafa tofauti.

Minara inayowasiliana kutoka mbali nayo hunufaika. Juu ya tambarare zenye maji, kama ardhi oevu ya Malagarasi magharibi mwa Tabora, mawimbi hudunda kwa urahisi. Dawa yake ni kufunga antena mbili za kupokelea kwenye mnara mmoja, moja juu ya nyingine, zikiachana kwa mita kadhaa.

Hata hivyo, mbinu hiyo ina mpaka. Umeme ukikatika mnarani pasipo jenereta wala betri, antena zote huzimika pamoja. Njia mbili husaidia pale tu kinachoifunga moja kisipoifunga na ya pili.