Burundi ilivyoomba msaada ili ikalinde amani Mogadishu

Mapema mwaka 2007, Umoja wa Afrika (AU) ulipokuwa ukitafuta askari wa kwenda kulinda amani Somalia, nchi nyingi zilijivuta. Nigeria, Ghana na Malawi zilitajwa kuwa zingechangia, lakini vikosi vyao havikuonekana Mogadishu. Uganda ilitangulia mwezi Machi. Iliyofuata ni Burundi, nchi isiyofikisha kilometa za mraba 28,000, tena iliyokuwa ndiyo kwanza inatoka vitani.

Oktoba 1993 wanajeshi walimuua Rais Melchior Ndadaye, na vita vilivyofuata viliangamiza watu wapatao 300,000. Usuluhishi ulioongozwa na Mwalimu Julius Nyerere, kisha na Nelson Mandela baada ya Mwalimu kufariki, ulizaa Mapatano ya Arusha ya Agosti 2000. Mwaka 2003, Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji zilipeleka askari Burundi katika operesheni ya kwanza ya AU ya kulinda amani. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ulishika usukani, na operesheni yake ikamalizika mwishoni mwa 2006.

Haikupita miezi mingi kabla ya Burundi iliyokuwa ikilindwa kujitolea kwenda kulinda wenzake. Dawa ya deni ni kulipa, na Afrika ilikuwa inaidai Burundi. Lakini lilikuwapo pia suala la jeshi lenyewe. Mwaka 2004 lilikuwa limeundwa upya kwa kuwaunganisha wanajeshi wa serikali na wapiganaji wa kundi la waasi la CNDD-FDD waliokuwa wakiwindana msituni, kwa sharti kwamba Wahutu na Watutsi wagawane nafasi nusu kwa nusu. Lilikuwa jeshi kubwa kwa hazina ndogo. Operesheni ya nje ingelipatia mafunzo, zana, posho na kazi ya kufanya pamoja.

Nia ilikuwapo, nyenzo hazikuwapo. Burundi iliahidi batalioni mbili, askari wapatao 1,700, lakini haikuwa na ndege za kuwafikisha Somalia wala zana za kutosha kwa vita vya mjini. Ikabidi ibishe hodi kwa wafadhili. Marekani na Ufaransa zilisaidia mafunzo na vifaa, na Umoja wa Ulaya ukawa mlipaji mkuu wa posho za askari. Safari ilisogezwa mbele mara kwa mara, na kundi la kwanza likatua Mogadishu mwishoni mwa Desemba 2007. Miezi minne baadaye, Aprili 2008, waasi wa FNL waliurushia makombora mji wa Bujumbura. Wanajeshi wa nchi hiyo walikuwa wakilinda mji mkuu wa wengine huku wa kwao ukiendelea kushambuliwa.

Mogadishu, Warundi walipiga kambi katika majengo ya kilichokuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Somalia. Februari 22, 2009, washambuliaji wa kujitoa mhanga waliingia humo na kuua askari 11. Septemba 17 mwaka huohuo, magari yenye mabomu yalilipuka katika makao makuu ya kikosi cha AU mjini humo. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo Meja Jenerali Juvénal Niyoyunguruza, Mrundi aliyekuwa naibu kamanda wa majeshi yote ya AU nchini humo.

Maadui hawakuwa risasi na mabomu pekee. Katika miaka hiyo askari wa AU walianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, na wengine wakasafirishwa hadi hospitali za Nairobi. Uchunguzi ulionyesha ni beriberi, ugonjwa wa upungufu wa vitamini B1 unaowapata watu wanaokula chakula cha aina moja kwa muda mrefu. Wakubwa wa dunia walikuwa wamefadhili vita, lakini sahani ya mpiganaji haikuwa na lishe ya kutosha.

Mwaka 2011 Warundi walipigana nyumba kwa nyumba hadi wakalitwaa jengo la zamani la Wizara ya Ulinzi, na mwezi Agosti wapiganaji wa kundi la al-Shabaab, waliokuwa wakipambana na askari wa AU, wakaondoka katika sehemu kubwa ya mji. Kwa miaka mingi idadi kamili ya Warundi waliokufa haikutangazwa.

Kutegemea wafadhili kulikuwa na gharama yake. Kila askari alitengewa dola 1,028 kwa mwezi, na takriban 200 zilibaki serikalini. Baada ya machafuko ya kisiasa na jaribio la mapinduzi la Mei 2015, lililolipasua jeshi lilelile lililounganishwa kwa taabu, Umoja wa Ulaya ulikataa kupitishia fedha mikononi mwa serikali. Askari walikaa miezi mingi bila posho. Januari 2017 Bujumbura ilitishia kuwarudisha nyumbani, na ndipo yakafikiwa makubaliano ya kuwalipa kupitia benki ya biashara.

Burundi ilihitimisha kazi yake Somalia mwishoni mwa 2024, baada ya miaka 17. Nchi ndogo haikosei kuomba msaada ili itimize wajibu mkubwa. Bila msaada huo, Warundi wasingefika Mogadishu, na bila Warundi, Uganda ingebaki karibu peke yake katika miaka ya mwanzo. Kosa ni kumfanya askari kuwa mtaji, wafadhili wakaepuka kufa na serikali ikajipatia fedha. Nchi nyingine ndogo ikijitolea kesho, mkataba wake uanze na chakula cha askari, malipo yanayomfikia mwenyewe, na orodha ya wazi ya majina ya watakaoanguka. Orodha ya namna hiyo ni haki ya wajane na yatima wa Burundi pia.