Shamba la Mfano la Leighton
Karibu na mji wa Welshpool, nchini Wales, yangalipo majengo ya shamba la mfano alilolijenga John Naylor katika zama za Malkia Victoria. Ni majengo ya matofali. Mabanda ya kondoo na ya nguruwe ni ya duara. Samadi ya majimaji ilihifadhiwa katika tangi kubwa mlimani, ikateremka yenyewe kwa mabomba hadi makondeni. Ustadi huo, twakiri, wastaajabisha. Lakini fedha zilitoka wapi? Naylor alikuwa tajiri wa benki ya Liverpool, iliyoasisiwa mwaka 1807 na jamaa yake Thomas Leyland, mmiliki wa merikebu za watumwa. Mwaka huo huo Uingereza iliipiga marufuku biashara hiyo.