Mianzi ya China na nyasi za Kasubi

Wenzangu, nilipokimbia vita, vyeti vyangu vya shule viliungua pamoja na nyumba. Labda ndiyo sababu habari ya Shuihudi imenishika hivi.

Ni China, mwaka 1975. Watu wanachimba mfereji, wanakutana na makaburi ya zamani. Moja ni la karani wa serikali, jina lake Xi. Alizikwa na vipande vya mianzi zaidi ya 1,100, vimeandikwa kwa wino: sheria, mashauri, hata siku nzuri na siku mbaya. Kaburi lingine lilikuwa na barua kwenye vibao. Heifu na Jing, askari ndugu, wako vitani, wanaomba mama awatumie pesa na nguo. Miaka karibu 2,200, na shida ni ileile!

Hapa Kampala tuna makaburi ya Kasubi, walipolala Makabaka wanne. Wawili walifia ugenini, uhamishoni: Mwanga huko Ushelisheli 1903, Mutesa wa Pili London 1969. Walirudishwa. Humo hakuna mianzi ya kusoma, historia inatunzwa na watu. Tarehe 16 Machi 2010 nyumba kubwa iliungua. Ikaezekwa tena kwa nyasi, maana kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, mkubwa anamfundisha mdogo.

Mimi sina ukoo karibu, nina mama tu. Jioni ananitajia majina ya babu zetu, naandika kwenye daftari. Tumefika saba.